Mzinga Bila Maua ni Sanduku Tupu

Mazungumzo kwa wakulima na wafugaji nyuki

Wahenga walisema: fuata nyuki ule asali. Methali hiyo ilitungwa na watu waliokuwa wakiishi na msitu na kuujua. Aliyemfuata nyuki siku hizo hakufika kwenye asali moja kwa moja. Alipita kwanza penye maji, akapita chini ya miti iliyochanua, ndipo alipofikia tundu la mti lenye masega. Kwa hiyo, kabla hajaonja asali, alikwisha kufundishwa inatoka wapi.

Siku hizi wako watu wengi ambao wangependa nyuki ndiye awafuate wao. Mtu hununua mzinga, huutundika kwenye mti mmoja uliobaki katikati ya shamba lililofyekwa, kisha husubiri. Mwezi hupita, msimu hupita, mwaka hupita. Siku anapoufungua hukuta buibui, mende na mjusi.

Siyo siri kwamba jambo hili limetokea katika vijiji vingi vya nchi hii. Vikundi vya akina mama na vijana vimepata kugawiwa mizinga ya kisasa, iliyochongwa vizuri na kupakwa rangi. Hotuba zilitolewa na matumaini yakawa makubwa. Baadaye mizinga mingi ilikutwa mitupu, na mingine ikageuzwa kuwa makasha ya kutunzia nguo au viota vya kuku. Lawama zikaanza. Wengine walisema nyuki wa huku ni wakali na wahamaji. Wengine walimlaumu seremala. Wengine walisema kikundi kilikuwa na wavivu. Waliouliza swali lililo rahisi kuliko yote walikuwa wachache: nyuki hao, kama wangekuja, wangekula nini?

Hilo ndilo swali la mazungumzo haya. Kumsaidia nyuki na kumfuga nyuki ni kazi mbili. Ya kwanza yaweza kufanywa na kila mwenye kipande cha ardhi, hata kama hana mzinga na anaogopa kuumwa. Ya pili ni ya wale walio tayari kuibeba taabu yake. Lakini ya pili haiwezi kusimama pasipo ya kwanza.

Nyuki anamfanyia nini mkulima

Yafaa kwanza kusema ukweli bila kutia chumvi. Mara kwa mara husikika kwamba nyuki wakitoweka, binadamu watakufa njaa. Maneno hayo yamezidi kipimo. Mahindi hupeperushiwa chavua na upepo. Mpunga na ngano hujichavusha vyenyewe. Muhogo hupandwa kwa vipande vya shina, na mgomba kwa chipukizi. Nyuki asipokuwapo, ugali utapikwa na wali utapikwa.

Swali ni kwamba ugali huo utaliwa na nini. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007, uliohusu mazao makuu ya chakula 115 duniani, ulionyesha kwamba 87 kati yake hunufaika, kwa kiasi kikubwa au kidogo, na kazi ya wadudu na wanyama wanaochavusha, na nyuki wakiwa mstari wa mbele. Kwa uzito, mazao hayo 87 ni kama asilimia 35 ya mavuno yote ya dunia. Lakini humo ndimo yalimo matunda, mboga za matunda, mbegu za mafuta na kahawa. Humo ndimo zilimo afya ya mtoto na ada ya shule.

Mfano ulio karibu na kila nyumba ni boga. Mmea wa boga huwa na maua dume na maua jike mbalimbali. Ua hufunguka alfajiri na kusinyaa kabla ya adhuhuri ya siku ile ile. Katika saa hizo chache ni lazima mdudu abebe chavua kutoka ua dume na kuipeleka kwenye ua jike. Asipofika, kitunda kidogo kilichoanza huwa cha manjano, huoza na kuanguka. Akifika kwa haba, boga hukua limepinda upande mmoja. Matango na matikiti yako katika hali hiyo hiyo. Wako wakulima wanaoona vitunda vikianguka na kukimbilia dukani kununua dawa, kumbe kilichokosekana ni nyuki, na dawa ile itamfukuza hata yule mmoja aliyekuwa amebaki.

Alizeti nayo, ambayo ni tegemeo la wakulima wengi wa Singida na Dodoma, hujaza mbegu vizuri zaidi nyuki wanapoitembelea. Ndiyo maana mfugaji nyuki na mkulima wa alizeti wakielewana hunufaika wote wawili.

Msitu uliolisha nyuki

Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazotoa asali na nta kwa wingi katika Afrika. Tangu wakati wa utawala wa Wajerumani nta ilikuwa bidhaa ya kusafirishwa ng'ambo, na eneo la Tabora lilijulikana kwa kazi hiyo. Hakuna mtu aliyepanda bustani kwa ajili ya nyuki wale. Bustani yao ilikuwa msitu wa miombo.

Mfugaji wa Unyamwezi alijua kalenda ya msitu huo kama karani ajuavyo daftari lake. Mtundu huchanua kabla ya mvua kuanza, wakati majani yake machanga yangali mekundu. Muba huchanua mvua inapoelekea ukingoni. Katikati yake hupokezana miti mingine mingi na magugu ya aina nyingi. Kwa mpango huo nyuki alikuwa na misimu ya neema na misimu ya kufunga mkanda, lakini hakukosa kabisa.

Mpango huo umevurugwa kwa sehemu kubwa. Miombo imekatwa kwa mkaa wa mijini, kwa mashamba mapya na kwa kuni za kukaushia tumbaku. Yafaa isemwe pia kwamba mzinga wa gome, ambao mfugaji wa jadi huupata kwa kumbandua mti ngozi yake, huuacha mti huo ukifa. Mtu huua mti unaolisha nyuki ili apate nyumba ya kumweka nyuki. Kulipokuwa na miti mingi na watu wachache hesabu hiyo haikuonekana. Leo inaonekana waziwazi.

Serikali ilitunga Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki mwaka 1998, na Sheria ya Ufugaji Nyuki ikapitishwa mwaka 2002. Sheria hiyo inatoa nafasi ya kutengwa hifadhi za nyuki, zikiwamo za vijiji. Lakini sheria haichanui. Kinachochanua ni mti ambao kijiji kimeamua usikatwe, na mti ambao mtu ameupanda na kuumwagilia.

Hesabu ya chakula cha nyuki

Nyuki kibarua huruka kwa kawaida hadi umbali wa kilomita 2 au 3 kutafuta chakula. Tuseme ni kilomita 2 tu. Mduara wenye mzinga katikati na kilomita 2 kila upande una eneo la zaidi ya hekta 1,200. Hilo ndilo shamba la kundi moja la nyuki, lenye vibarua makumi ya maelfu. Na kibarua mmoja, katika maisha yake yote ya majuma machache wakati wa kazi nyingi, hukadiriwa kutengeneza asali ya sehemu moja ya kumi na mbili ya kijiko cha chai.

Hesabu hiyo inafundisha mambo mawili. La kwanza ni unyenyekevu. Hakuna bustani ya mtu mmoja inayoweza kulisha mzinga. Mwenye kupanda mistari miwili ya maua nyuma ya nyumba na kutarajia ndoo ya asali anajidanganya. La pili ni matumaini. Nyuki hajui mpaka wa kiwanja. Kaya mia moja zikipanda kidogo kidogo, katika mduara ule ule, kile kidogo huwa malisho. Kazi ya kulisha nyuki, kwa maumbile yake yenyewe, ni kazi ya kijiji kizima.

Basi kipandwe nini? Hapana haja ya kuagiza mbegu kutoka ng'ambo. Mimea mingi inayofaa iko tayari katika mazoea ya watu.

Karibu na nyumba, mrehani na kivumbasi huchanua kwa muda mrefu na hujaa nyuki tangu asubuhi. Giligilani na vitunguu vikiachwa vichache vitoe maua badala ya kung'olewa vyote, hutoa chakula cha nyuki na mbegu za msimu ujao kwa pamoja. Mbaazi kwenye mipaka ya shamba hulisha nyuki, hulisha watu na kurutubisha ardhi. Mlonge huchanua mapema na mara nyingi katika mwaka. Mchungwa, mlimau, mparachichi na mpera ni miti ya matunda ambayo mtu angeipanda kwa faida yake mwenyewe hata kama nyuki asingekuwapo duniani.

La maana zaidi ya aina ya mmea ni mfululizo wake. Mwezi wa neema haumwokoi nyuki katika mwezi wa njaa. Mwenye bustani na achukue karatasi, aandike miezi 12, na mbele ya kila mwezi aandike mimea inayochanua pale anapoishi. Miezi itakayobaki mitupu ndiyo ya kushughulikia. Katika sehemu nyingi itakuwa miezi ya kiangazi kikali, na jibu lake huwa ni miti yenye mizizi mirefu, kwa sababu maua ya chini yatakuwa yamekauka.

Liko pia jambo la maua yadanganyayo. Bogenvilia hupendeza ukutani, lakini ile rangi ni ya majani yaliyozunguka viua vidogo, na nyuki hapati kitu cha maana hapo. Waridi zilizofugwa hadi zikawa na tabaka juu ya tabaka la petali mara nyingi zimeziba njia ya kufikia chavua. Ukoka uliokatwa vizuri mbele ya ofisi, bila ua hata moja, kwa nyuki ni jangwa la kijani. Haina maana kwamba vitu hivyo viondolewe. Maana yake ni kwamba asipande hivyo tu, kisha akasema ameyasaidia mazingira.

Nyuki huhitaji maji pia, hasa wakati wa joto, kwa kunywa na kwa kupoza mzinga. Sahani pana yenye maji na vijiwe au vijiti vya kutulia, ili asizame, inatosha. Isipowekwa, atakwenda kwenye bomba la kijiji na kwenye ndoo za akina mama, na hapo ndipo ugomvi huanza.

Suala la sumu haliepukiki. Dawa ya kuua wadudu haina macho ya kumtambua rafiki. Mwaka 2018 nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliamua kupiga marufuku matumizi ya dawa tatu za jamii ya neonikotinoidi katika mashamba ya wazi kwa sababu ya madhara yake kwa nyuki. Mkulima wa kawaida hawezi kusubiri maamuzi ya namna hiyo. Yako mambo aliyo na uwezo nayo leo. Asipulize dawa kwenye mmea uliochanua. Ikiwa ni lazima kupuliza, afanye jioni nyuki wakiwa wamerudi. Na amjulishe jirani mwenye mizinga siku moja kabla. Ujumbe huo haugharimu kitu.

Nyuki wasiokuwa na mzinga

Watu wakisema nyuki, humaanisha yule mwenye asali na mwiba. Lakini duniani ziko aina za nyuki zipatazo 20,000, na nyingi hazina mzinga, hazina malkia, wala hazina asali ya kuvuna. Hizo hufanya kazi bila kutajwa.

Mnyanya na biringanya, kwa mfano, hufungia chavua yake ndani ya vijifuko vyenye vitundu vidogo. Upepo husaidia kwa kiasi kuitikisa. Nyuki wa asali hajui kuitoa vizuri. Anayejua ni nyuki wa namna nyingine, ambaye huling'ata ua na kulitetemesha kwa misuli ya mbawa zake mpaka chavua imwagike. Miongoni mwa mafundi hao ni yule nyuki mkubwa mweusi avumaye kwa sauti nzito na kutoboa boriti na nguzo kavu. Huyo huyo ndiye mchavushaji mkuu wa karakara. Watu wengi humwua kwa kuhofia paa. Lingekuwa jambo la busara zaidi kumwachia magogo makavu machache pembeni ya bustani ili achonge nyumba yake huko.

Aina nyingi nyingine huchimba viota ardhini. Hao huhitaji kipande cha udongo mtupu, kisicholimwa wala kufunikwa saruji. Na wako wale nyuki wadogo wasiouma, ambao wazee wa sehemu nyingi huwafuga katika magogo au vibuyu kando ya nyumba. Asali yao ni kidogo kwa kipimo lakini huuzwa kwa bei ya juu. Kwa mwenye kiwanja kidogo mjini, mwenye watoto na majirani wa karibu, hao ndio wa kuanza nao.

Taabu ya kufuga

Sasa liangaliwe suala la mzinga wenyewe. Anayeingia katika ufugaji nyuki yafaa ajue mapema anaingia wapi, kwani waliodanganywa kwamba ni kazi ya kukaa na kusubiri fedha ndio huacha wa kwanza.

Nyuki wa sehemu hizi ni mlinzi mkali. Ukali wake umetokana na maadui aliokua nao kwa karne nyingi: nyegere, siafu, moto na binadamu mwenyewe. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alipeleka nchini mwake malkia wa nyuki kutoka Afrika, wakiwamo wa Afrika Kusini na wa Tabora, kwa nia ya kupata nyuki wa kuhimili joto na kuzalisha zaidi. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka kituoni. Wazao wao walichanganyika na nyuki wenye asili ya Ulaya, wakaenea Amerika ya Kusini na ya Kati, na mwaka 1990 walifika Texas huko Marekani. Magazeti ya huko yaliwapa majina ya kutisha. Lakini wafugaji wa Brazil, baada ya misukosuko ya miaka ya kwanza, walijifunza njia za kufanya nao kazi, na nyuki hao ndio msingi wa asali ya Brazil hadi leo. Ukali haukuwashinda watu walioamua kuuelewa.

Kuuelewa maana yake ni haya. Manzuki iwe mbali na nyumba, shule, njia za watu na mazizi, kwa mita mia kadhaa, na ikiwezekana pawe na kichaka katikati. Mfugaji awe na mavazi ya kinga, glavu, viatu virefu na bomba la moshi. Nyuki mmoja akiuma huacha harufu inayowaita wenzake, kwa hiyo mtu asisimame kupigana, bali aondoke na kuukwangua mwiba haraka. Wapo pia watu wachache ambao miili yao haiuhimili mwiba hata mmoja: huvimba uso, hukosa pumzi na waweza kufa. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali bila kuchelewa, na asipewe kazi ya mzinga tena.

Jambo la pili ni kuhama. Nyuki wa Ulaya alizoea kukaa na akiba ya asali kungojea baridi iishe. Nyuki wa huku, chakula kikiisha au akisumbuliwa mno, hufunga safari. Hiyo ni akili, haina haja ya kuitwa ukorofi. Mzinga mpya utiwe chambo cha nta safi, uwekwe penye kivuli kabla ya msimu wa makundi kutembea, na mfugaji aufunge moyo wake: huenda ukaingia nyuki baada ya juma moja, huenda baada ya mwaka. Ukishaingia nyuki, msimu wa kwanza ni wa kujenga. Anayevuna kila kitu mara ya kwanza huwa amewapa nyuki hati ya kuhama.

Jambo la tatu ni uchaguzi wa mzinga. Mzinga wa masanduku wenye fremu ulitokana na ugunduzi wa Mmarekani, Langstroth, mwaka 1851, kwamba nyuki huiacha wazi nafasi ya upana fulani mdogo kati ya masega. Nafasi hiyo ikikosewa kwa milimita chache, nyuki hugandisha kila kitu, na mzinga wa kisasa huwa gogo la bei ghali. Mzinga wa viunzi vya juu, ulioendelezwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, unaweza kutengenezwa na seremala wa kijijini na huruhusu sega moja moja kukaguliwa. Mzinga wa gogo lililotobolewa nao una heshima yake mikononi mwa fundi. Hakuna mzinga unaoleta asali kwa jina lake. Ulio bora ni ule ambao mfugaji anaweza kuutengeneza, kuukagua na kuukarabati mwenyewe.

Jambo la nne ni maadui. Nyegere hupindua mizinga. Itundikwe kwa waya mahali asipofika. Siafu na sisimizi huzuiwa kwa kupaka grisi kwenye waya au nguzo. Nondo wa nta huingia pale kundi linapodhoofika. Kupe mdogo wa nyuki aitwaye varoa, ambaye ameangamiza makundi mengi Ulaya na Marekani, alitambuliwa Kenya na Tanzania mwaka 2009. Hadi sasa nyuki wa Afrika wameonyesha uwezo wa kuishi naye bila dawa. Hiyo ni neema inayopaswa kulindwa kwa kutoleta nyuki wageni na kutotia sumu ndani ya mizinga bila ushauri wa afisa nyuki.

La tano ni uvunaji. Kuwachoma nyuki kwa mwenge ni kuchinja ng'ombe ili kupata maziwa. Moto huo huo ukianguka kwenye majani makavu huteketeza malisho ya miaka. Sega livunwe likiwa limefunikwa kwa nta, kwa kuwa asali mbichi ina maji mengi na huchacha. Kipimo cha kimataifa kwa asali ya kawaida ni maji yasiyozidi asilimia 20. Sega la majana liachwe. Sehemu ya asali iachwe kwa wenyewe. Na nta isitupwe, maana vijiji vingi huuza asali na kumwaga nta, kumbe nta haiozi, haivuji, na inaweza kungoja bei nzuri.

Hoja na majibu yake

Watasema baadhi ya watu: ardhi haitoshi kwa mahindi, itatoshaje kwa maua? Jibu ni kwamba ardhi inayohitajika mara nyingi hailimwi. Mipaka ya mashamba, kingo za barabara, viunga vya shule na zahanati, makaburi, kingo za mito na makorongo: yote hayo yanaweza kubeba miti na vichaka vyenye maua bila kupunguza hata tuta moja la mahindi.

Watasema wengine: mkaa unalipa leo, asali italipa lini? Hoja hiyo ina uzito, na anayeidharau hajapata kulala bila chakula. Lakini mti huchomwa mkaa mara moja. Mti ule ule ukiachwa huchanua mwaka huu, mwakani na miaka mingi baada ya aliyeuacha kuzeeka. Ndiyo sababu uamuzi huu hauwezi kuachiwa mtu mmoja mwenye shida ya leo. Ni wajibu wa kijiji kutenga msitu wake, kuweka sheria ndogo, na kuhakikisha kwamba wanaokatazwa mkaa ndio wanaotangulizwa katika mizinga.

Watasema wa tatu: kazi hii ni ya wazee wa porini. Ni kweli kwamba wazee ndio wenye elimu yake. Wao wanajua mti upi huchanua lini, na kundi hupita njia ipi. Elimu hiyo haimo katika vitabu vingi, na kila mwaka huzikwa kidogo. Kijana aliyehitimu Chuo cha Ufugaji Nyuki Tabora na mzee asiyejua kusoma wanahitajiana. Mmoja ana kipimo cha maji ya asali. Mwingine ana kalenda ya msitu.

Kazi iliyo mbele

Ndugu wananchi,

Umoja wa Mataifa uliamua Desemba 2017 kwamba kila tarehe 20 Mei iwe Siku ya Nyuki Duniani, kwa kumbukumbu ya Anton Janša, mwalimu wa ufugaji nyuki aliyezaliwa Slovenia mwaka 1734. Tangu 2018 siku hiyo huadhimishwa kwa mikutano, na katika baadhi ya mahali hupandwa miti mbele ya wageni.

Ni jambo jema. Lakini mkulima anajua kitu ambacho kalenda ya kimataifa haikijui. Ifikapo tarehe 20 Mei, katika sehemu kubwa ya Tanzania mvua zimekwisha au zinakwisha. Mche unaopandwa siku hiyo na kuachwa peke yake huingia moja kwa moja kwenye kiangazi.

Basi kila kijiji kipande wakati wa mvua zake, kwa wingi na bila ngoma. Na ifikapo tarehe 20 Mei, badala ya kuchimba mashimo mapya, viongozi na wananchi wapite mashambani, mashuleni na kwenye makaburi wakihesabu miche iliyo hai, na walioipanda waitwe kwa majina yao. Mwaka ambao hesabu hiyo itaridhisha, ndipo kikundi kijadili kununua mizinga, na mingapi.